Nilipoacha Kuhesabu

Ilikuwa semista ya kwanza, mwaka wa pili, kipindi cha saa mbili asubuhi. Ukumbi umejaa watu waliolala macho wazi. Mhadhiri wetu wa fiziolojia akatangaza kwa Kiingereza kwamba siku hiyo tutaangalia jinsi sumu ya mamba inavyovuruga mawasiliano kati ya neva na misuli. Mchizi wangu mmoja kutoka Mwanza akanyoosha mkono. "Samahani Dokta, kwani mamba wa ziwani ana sumu?"

Ukumbi mzima ukacheka. Dokta naye akacheka, kisha akaeleza kwamba mamba wa Waingereza si mamba wetu. Neno hilo walilichukua kwenye lugha za kusini mwa Afrika, na nyoka wanayemwita hivyo sisi tunamwita koboko. Mimi nilicheka kuliko wote, maana wilayani kwetu Same kuna mahali panaitwa Mamba Myamba, huko milimani kwa wakulima wa tangawizi, na utani wa "mtu wa mamba" naujua tangu shule ya msingi. Lakini Dokta alipotaja koboko, kicheko kikanikauka.

Sijawahi kusimulia kisa hiki, hata kwa mama. Naandika hapa kwa sababu nadhani wengi wetu tunasoma madesa ili tusidisko, halafu kuna siku desa linakugeukia na kukuambia jambo lako mwenyewe.

Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Desemba. Nilikuwa nimeteremka kutoka Vudee kwa bibi kwenda kumsaidia mjomba shambani kwake Makanya. Anayeijua Milima ya Upare anajua kwamba kushuka huko ni kama kubadilisha nchi. Juu kuna ukungu na migomba. Ukishuka unakutana na Bangalala, na ukizidi kushuka unafika Makanya kwenye jua kali, mkonge, miiba na vichuguu. Koboko ni wa huko chini.

Mjomba alikuwa anaondoa mabua ya msimu uliopita yaliyorundikwa karibu na kichuguu. Akasema tu "Aa!" na kurudisha mkono. Nilimwona nyoka akiteleza kuondoka, mrefu, rangi ya majivu. Koboko si mweusi, jamani. Weusi wake uko ndani ya kinywa, na ukiuona huo ujue umemsogelea mno.

Mkononi palikuwa na vitundu viwili tu, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Hapakuwa na uvimbe, na hapo ndipo tulipopotea. Watu wa tambarare wanamjua sana kifutu. Kifutu akikuuma, mguu unavimba kama boga, nyama inaoza, maumivu yanakuliza. Kwa hiyo majirani walipokuja na kuona mkono umekaa vilevile, mmoja akasema, "Haijavimba. Huyo hakutema sumu." Mwingine akatoa wembe akachanja. Mwingine akafunga mkono juu ya kiwiko kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mwingine akatumwa akalete jiwe la nyoka kwa mzee fulani, nasi tukakaa kulisubiri jiwe.

Wakati huo mjomba alikuwa anatuambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba midomo inamfanya ganzi. Jasho likaanza kumtoka. Mate yakamjaa. Shavu lake likawa linachezacheza lenyewe, kama ng'ombe anayefukuza inzi. Sisi tulikuwa tunautazama mkono.

Jiwe lilipofika, maneno yake yalikuwa yameanza kuburuzika kama ya mlevi, na kope zilikuwa zinashuka. Ndipo mtu mmoja mwenye akili akasema, "Pikipiki!" Tukapanda mshikaki: dereva mbele, mjomba katikati, mimi nyuma nimemkumbatia ili asianguke. Barabara kuu ya kwenda Same ina malori mengi, lakini mimi nilichokuwa nakiogopa ni kichwa chake kilichokuwa kinanilalia begani, kikizidi kuwa kizito.

Hospitalini dawa ya sumu ya nyoka haikuwepo siku hiyo. Ilibidi itafutwe mbali. Kwa sasa, alisema nesi wa zamu, kazi ni moja tu: apumue. Akamwekea barakoa ya mpira usoni na mfuko wa kubinya. Wagonjwa walikuwa wengi na yeye alikuwa mmoja, kwa hiyo akatufundisha ndugu tupokezane. "Binya. Hesabu polepole mpaka tano. Binya tena. Usilale."

Nikabinya. Ili nisisinzie, nilikuwa nahesabu kila mbinyo kwa sauti, moja mpaka ishirini, kisha naanza upya. Tulipokezana mpaka usiku wa manane, zamu yangu ikarudi. Mjomba alikuwa amelala kama gogo. Ukiinua mkono wake na kuuachia, unaanguka. Macho yamefumba. Wazee wa ukoo walikuwa wamefika, na nadhani mnajua vikao vya wazee vinavyoanza. Kwanza pole. Halafu minong'ono. Halafu ikawa si minong'ono tena: azikwe Vudee kwa baba yake au hukuhuku Makanya, maana mvua imeharibu njia ya mlimani. Mbuzi wako wangapi. Shamba nani atalishika, watoto bado wadogo. Yote hayo yalisemwa hatua mbili kutoka kitandani.

Mzee mmoja akaniwekea mkono begani. Hakuwa na ubaya, sauti yake ilikuwa ya huruma. "Acha, mwanangu. Unampulizia maiti."

Nilikuwa nimefika kumi na nne. Nikaacha.

Sijui ilikuwa nusu dakika au dakika nzima. Mke wa mjomba akaanza kulia. Nesi akaingia mbio, akasukuma watu, akaweka vidole viwili shingoni kwa mjomba. "Moyo unapiga! Nani kakwambia uache?" Akabinya mwenyewe mara kadhaa, akanirudishia mfuko mikononi, akasimama pale akinitazama mpaka aliporidhika. Asubuhi mjomba akapelekwa kwenye hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulia, dawa ikapatikana, na siku ya tatu kidole gumba chake kikasogea. Alipona. Watu wakasema ni muujiza, nami nikakubali kwamba ni muujiza, kwa sababu muujiza haumuulizi mtu alikuwa anafanya nini usiku.

Sasa turudi ukumbini.

Dokta alieleza kwa mchoro wa kitabu, lakini mimi nilielewa kwa ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la asili la Wapare. Maji ya kijito yanakusanywa humo usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanatiririka kwa mfereji mpaka kwa yule mwenye zamu, kisha linazibwa tena. Ncha ya neva ni ndiva. Ndani yake kuna kemikali iliyohifadhiwa, asetilikolini. Amri ikitoka kwenye ubongo, mathalani "inua mkono", inasafiri kama umeme mpaka kwenye ncha ile, ndiva inafunguka, na kemikali inavuka nafasi ndogo mno kati ya neva na msuli. Upande wa pili kuna vipokezi, sawa na midomo ya majaruba inayopokea maji. Vikipokea, msuli unajikunja. Kisha kuna kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini mara moja, kama mfereji wa kutolea maji, ili shamba lisifurike. Na ndiva yenyewe inafungwa kwa msaada wa milango ya potasiamu kwenye neva, inayoituliza neva baada ya kila amri.

Mvuruge mtu sehemu moja tu ya mpango huo na utasikia ugomvi wa maji mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Koboko anavuruga tatu kwa mpigo. Sumu yake ni mchanganyiko. Zimo dendrotoksini, zinazoziba milango ya potasiamu, hivyo neva haitulii na ndiva inaendelea kumwaga. Zimo fasikulini, zinazokizuia kile kimeng'enya, hivyo maji hayatoki shambani. Hapo ndipo shavu linachezacheza. Na zimo sumu za kundi jingine zinazoganda juu ya vipokezi vya msuli na kuviziba. Ndiva inaweza kujaa, mfereji ukatiririka, lakini majaruba hayapokei tone. Kope zinakwenda kwanza, halafu ulimi na koo, shingo, mikono, na mwisho kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu unaotuvutia pumzi. Moyo hauingii kwenye foleni hiyo kwa sababu hauhitaji amri ya namna hiyo ili upige. Mtu hafi kwa moyo kusimama wenyewe. Anakufa kwa kukosa pumzi.

Kumbe ndiyo maana uvimbe haukuwepo. Sumu ya kifutu inakula nyama na kuharibu damu, na kazi yake inaonekana kwa macho. Sumu ya koboko inakata mawasiliano, na mawasiliano yakikatika hakuna cha kuona isipokuwa kimya. Hata nge, anayewaliza watoto kila msimu wa kuokota kuni, anacheza na neva: sumu yake huiacha milango ya sodiamu wazi, neva inapiga kelele bila kukoma, na maumivu yanakuwa makali kuliko kidonda chenyewe. Kila mnyama ana mlango wake.

Nilikuwa naandika haraka, nafurahi kwamba kwa mara ya kwanza somo hili linaingia bila kupiga msuli usiku kucha. Ndipo Dokta akasema sentensi moja kwa kupita tu. Molekuli hizi ni kubwa, haziingii kirahisi kwenye ubongo. Mgonjwa anaweza kuwa amepooza kabisa, hata mboni za macho zisiitikie mwanga, daktari asiye makini akadhani ubongo umekufa. "Kumbukeni, fahamu zake zinaweza kuwa timamu. Anasikia."

Akaenda kwenye slaidi inayofuata. Mimi sikwenda naye.

Wiki zilizofuata nilisoma kila nilichokipata. Nilisoma kwamba mwaka 1963, huko Taiwan, Chang na Lee walitenga sumu moja ya nyoka inayonata kwenye vipokezi vya misuli bila kuachia, na kwa kuitumia kama chambo wanasayansi wakaja kuvitoa vipokezi hivyo na kuvichunguza. Yaani sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu neva na msuli tumefundishwa na nyoka. Nilisoma kwamba mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walikuta ndani ya sumu ya koboko huyuhuyu protini walizoziita mambaljini, ambazo kwa panya zilituliza maumivu kwa nguvu inayokaribia ya mofini bila kuwabana pumzi. Nilisoma pia kwamba Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, kwamba linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani, na kwamba mwaka 2019 lilijiwekea lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030.

Yote hayo yalinisaidia kwenye mtihani. Hayakunisaidia kulala. Kila nikifumba macho nilikuwa naisikia sauti ya yule mzee, na safari hii nilikuwa naisikia kutoka kitandani.

Desemba iliyofuata, bumu likiwa limebaki kidogo, nilipanda basi Mbezi na kilo tano za sukari. Nikashuka Makanya. Mjomba alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi. Nikaona lile rundo la mabua halipo tena karibu na nyumba, na kile kichuguu kimesawazishwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Daktari wetu! Umekonda, chuoni hawawapi ugali?"

Jioni, watoto walipolala, nikamweleza sumu ile ilivyofanya kazi. Nilianza na ndiva. Alisikiliza kama mtu anayemsikiliza fundi akieleza kwa nini redio yake iliharibika, akitikisa kichwa, akirekebisha pale nilipokosea kuhusu zamu za maji. Nilipofika kwenye majaruba yasiyopokea, akasema taratibu, "Ndiyo. Ilikuwa hivyo. Nilikuwa nauambia mkono inuka. Mkono unanyamaza."

Nikamuuliza. "Mjomba, ulikuwa unasikia?"

"Vyote."

Akaendelea kupukuchua. "Niliwasikia wakigawa mbuzi. Yule beberu mweupe nilisikia nani anamtaka. Nilipopona, wa kwanza kumuuza alikuwa yeye." Akacheka, nami nikajikuta nacheka. Mpare ni Mpare hata akiwa amepooza.

"Mbona hukusema miaka yote?"

"Ningesema nini? Wangeniogopa. Mtu aliyesikia matanga yake mwenyewe, nani atakaa naye kilabuni?"

Kikapita kimya. Nikaona nikilala bila kusema sitasema tena. Nikamwambia, "Mimi niliacha. Niliambiwa niache, nikaacha."

"Najua," akasema. "Ulikuwa unahesabu kwa sauti. Ukifika ishirini unarudi moja. Mimi nilikuwa nakufuata. Sikuwa na kitu kingine cha kushika. Ukafika kumi na nne." Akaweka gunzi chini. "Nikangoja kumi na tano. Haikuja. Kifua kikaanza kuwaka."

Sikuwa na neno. Nilitamani anikaripie. Hakunikaripia. Alisema nilikuwa mtoto, na niliambiwa na mkubwa, na wakubwa wenyewe walikuwa hawajui. Alisema angekuwa yeye angeacha mapema zaidi.

Ninyi mtakaosoma hili, na hasa mtakaorudi makwetu likizo ambako nyoka ni jirani, naomba mchukue machache. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifungwe kwa mpira, asisubiri jiwe. Atulizwe, mkono au mguu ufungiwe ubao usitikisike, pete na saa zivuliwe mapema, na safari ianze. Kukosekana kwa uvimbe si habari njema: tazameni kope, sikilizeni maneno yake. Akilegea, alazwe ubavu mate yasimzibe. Akiacha kupumua, mtu apumue kwa niaba yake, hata saa nzima, hata usiku kucha, kwa sababu sumu hii, ukiivukisha salama, huachia. Na kile kikao cha ukoo kifanyikie nje. Pale kitandani aongee yule mwenye la kumtia moyo, amwite kwa jina.

Tulipokuwa tunaingia kulala, mjomba alinishika bega palepale aliponishika yule mzee.

"Nesi alipokurudishia ule mpira, ulianzia wapi kuhesabu? Unakumbuka?"

"Moja," nikasema. "Si huwa naanza moja?"

"Hapana. Ulikuwa unalia, lakini nilisikia vizuri. Ulianzia kumi na tano."